Zadar hadi Dubrovnik kwa basi: mwongozo wa miji ya kale ya Bahari ya Adria kwa anayekwenda mara ya kwanza

Kila ikikaribia Pasaka simu yangu hujaa maswali yaleyale. Viza ya Schengen, ile moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya, inafika Kroatia? Treni inafika Dubrovnik? Mwislamu atakula nini kule? Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka, kwa hiyo safari hii nimeyaweka yote pamoja.

Nitazungumzia pwani ya Dalmatia tu, upande wa Kroatia: Zadar, Šibenik, Trogir, Split na Dubrovnik. Venice ina mambo yake na Istria pia, sitayagusa. Mpango ni wa siku kumi hivi, kwa basi, bila kukodi gari. Gari huko ni adha: mji wa kale wenyewe huingii nalo, na maegesho ya nje ya kuta wakati wa kiangazi yanaweza kukugharimu karibu sawa na chakula chako cha siku.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Pasipoti iliyotolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, itakayobaki hai angalau miezi 3 baada ya siku unayotoka, na yenye kurasa mbili tupu.
- Viza ya Schengen, au kibali cha ukazi cha nchi ya Schengen. Ukiwa na kibali cha Ujerumani, Uholanzi, Sweden na kadhalika, huombi viza. Unaruhusiwa hadi siku 90 ndani ya kila siku 180. Kibali cha Uingereza, Oman au Dubai hakikusaidii hapa. Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya anayeishi huko anaomba viza kama aliyeko nyumbani.
- Bima ya safari inayolipia matibabu ya angalau euro 30,000. Bila hiyo fomu ya viza haipokelewi.
- Begi la mgongoni. Lile la magurudumu utalijutia, nitaeleza.
- Viatu vya kuingia navyo majini. Yeboyebo zinatosha kabisa.
- Adapta ya plagi ya pini mbili za duara, maana zetu za pini tatu haziingii.
- Chupa ya maji. Maji ya bomba ni salama, na Dubrovnik kuna chemchemi ya Onofrio, ya mwaka 1438, ambayo watu bado wanakinga na kunywa.
- Sarafu za euro 1 na 2, kama kumi hivi.

Ukikutana na maelezo ya zamani yanayotaja pesa iitwayo kuna, au viza ya Kroatia peke yake, yaache. Tangu tarehe 1 Januari 2023 Kroatia imo ndani ya Schengen na inatumia euro.

Hatua ya 1: Chagua mwezi

Mei hadi katikati ya Juni, au Septemba. Julai na Agosti bei hupanda, jua linachoma na vichochoro hujaa hadi watu wanasukumana. Kuanzia Novemba boti za visiwani hupungua na migahawa mingi hufunga.

Tahadhari kwa sisi wa Bahari ya Hindi: mwezi Mei maji ya Adria bado ni baridi. Wazungu watakuwa wanaogelea wakicheka. Wewe utaingia hadi magotini urudi. Kama shabaha yako ni kuogelea, nenda Septemba, maji yakiwa yameshapata joto la kiangazi kizima. Na usingoje kupwa na kujaa kama kwetu. Bahari hii haiendi mbali. Ukiiacha ukutani asubuhi, jioni utaikuta palepale, labda imeshuka shubiri moja.

Hatua ya 2: Omba viza ya kuingia mara nyingi

Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasiwe chini ya siku 15. Ada ya mtu mzima ni euro 90. Unaomba kwa nchi utakayolala siku nyingi zaidi. Ukilala Kroatia siku nane na Italia mbili, ombi ni la Kroatia, hata kama ndege inatua Roma. Ulizia mapema ni ubalozi gani unaohudumia eneo lako, kwani huenda ukatakiwa kusafiri au kupitia wakala.

Kwenye fomu, weka alama panapouliza kama unataka kuingia mara nyingi. Wengi hukosea hapa. Wanaona wanakwenda nchi moja tu, wanaomba ya mara moja, kisha wakifika Dubrovnik wanasikia Kotor iko jirani. Kotor ni Montenegro. Montenegro inatumia euro lakini haimo Schengen. Mwenye viza hai ya Schengen anaruhusiwa kuingia Montenegro bila viza nyingine kwa hadi siku 30, kwenda si tatizo. Tatizo ni kurudi. Viza ya mara moja ikishatoka imekwisha, na ndege yako inaondokea Dubrovnik.

Hatua ya 3: Panga safari ielekee upande mmoja

Ingia kwa Zagreb, mji mkuu wa Kroatia, toka kwa Dubrovnik. Wa Dar au Nairobi mara nyingi hupitia Istanbul. Tiketi ya kuingilia mji mmoja na kutokea mwingine wakati mwingine ni ghali kidogo, lakini inakuokoa siku nzima ya kurudi nyuma kwenye basi.

Mgawanyo ninaopendekeza: Zadar usiku 2, Trogir 1, Split 3, Dubrovnik 3. Šibenik unashuka mchana na kuendelea. Ukitaka kubana, punguza Dubrovnik kwanza, kwa sababu ndiko kunakokula pesa. Usipunguze Split.

Treni isahau. Dubrovnik haina reli kabisa, na niliwahi kukutana na kijana aliyenunua pasi ya treni ya Ulaya nzima kwa ajili ya safari hii hasa.

Hatua ya 4: Lala ndani ya mji wa kale, au hatua chache kutoka hapo

Hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote. Mtu analala hoteli ya mbali kwa sababu ni rahisi, anafika mjini saa nne asubuhi pamoja na abiria wa meli za utalii, anaondoka saa kumi jioni nao, kisha anasema mji ni mzuri ila umejaa. Mji wenyewe hakuuona. Uone saa kumi na mbili asubuhi, mawe ya njiani yakiwa bado yamelowa, muuza mkate anafungua, na kina mama wanaanika nguo kwenye kamba zilizotoka dirisha hili hadi lile juu ya kichwa chako. Aliyekulia Mji Mkongwe au Lamu atajiona yuko nyumbani, ila huku vichochoro vinapanda ngazi.

Na hizo ngazi ndizo sababu ya kulikataa begi la magurudumu. Gari halifiki mlangoni. Kule Dubrovnik, vichochoro vya upande wa kaskazini vya Stradun, ile barabara kuu, ni ngazi tupu hadi ukutani. Kabla ya kulipia chumba, muulize mwenyeji swali moja: kutoka lango la mji hadi mlangoni kwako kuna ngazi ngapi?

Tafuta maneno *sobe* (vyumba) na *apartmani*. Mwenyeji atakuomba pasipoti ili akuandikishe. Usiogope, sheria inamtaka amsajili kila mgeni. Asipokuomba ndipo uwe na wasiwasi.

Hatua ya 5: Jifunze basi lao

Kituo kinaitwa *autobusni kolodvor*. *Polazak* ni kuondoka, *dolazak* ni kufika, *peron* ni sehemu basi linaposimama. Begi la kwenye buti linalipiwa kando, euro moja au mbili, na konda anataka sarafu. Noti ya hamsini atakuangalia tu. Ndiyo maana nilisema uwe na chenji.

Ukielekea kusini kaa upande wa kulia, bahari iko huko. Vituo vikubwa vina *garderoba*, chumba cha kuachia mizigo kwa malipo, na hapo ndipo Šibenik inapowezekana bila kulala.

Hatua ya 6: Zadar, kisha Šibenik

Kutoka Zagreb hadi Zadar ni kama saa tatu na nusu. Nenda kwanza kwenye kanisa la Mtakatifu Donato la karne ya 9, lakini usikimbilie kuingia. Inama utazame msingi. Waliojenga walichukua nguzo na mawe ya uwanja wa Warumi uliokuwa hapohapo, wakayalaza chini kama mtu anavyopanga magogo. Mengine bado yana maandishi.

Jioni fuata watu ncha ya magharibi ya mji. Mwaka 2005 msanifu Nikola Bašić alijenga ngazi za mawe zinazoshuka majini, na chini yake akaficha mabomba 35. Wimbi likiingia linasukuma hewa, na ngazi zinalia, sauti nzito kama ya mtu anayepuliza chupa tupu. Bahari ikiwa shwari kabisa utasikia kidogo tu. Ngoja boti ipite, mawimbi yake yakifika sauti inapanda. Hakuna tiketi. Unakaa tu.

Šibenik ni saa moja na nusu kusini. Unashuka kwa ajili ya kanisa kuu la Mtakatifu Yakobo, lililoanza kujengwa 1431 na kuchukua zaidi ya miaka mia. Ni jiwe tupu hadi paa, bila mbao wala tofali. Zunguka nyuma uone mstari wa vichwa vya watu zaidi ya 70 vilivyochongwa: wazee, vijana, mmoja kama amenuna. UNESCO ililiingiza kanisa hilo kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, mwaka uleule wa Mji Mkongwe wa Zanzibar. Saa tatu zinatosha, kisha panda basi.

Hatua ya 7: Trogir na Split

Trogir ni kisiwa kidogo kilichobanwa kati ya bara na kisiwa cha Čiovo. Kukizunguka kwa miguu hakumalizi nusu saa. Lango la kanisa lake kuu lilichongwa na fundi Radovan mwaka 1240 na ametia jina lake pale. Kumbuka pia kwamba uwanja wa ndege unaoitwa wa Split uko kilomita chache tu kutoka Trogir, na Split yenyewe iko kama kilomita 25. Ukiwa na ndege ya alfajiri, lala Trogir. Basi namba 37 linaunganisha sehemu zote tatu, ila huku Split linaanzia Sukoišan, si kituo kikuu cha bandarini. Watu hulingoja mahali lisipofika.

Split ndiyo niipendayo. Kaizari Diokletiano alistaafu mwaka 305 akaja kuishi hapa kwenye kasri lenye ukubwa wa mita 215 kwa 180 hivi, na watu hawajatoka humo tangu walipohamia karne ya 7. Utakuta duka la dawa ndani ya ukuta wa kasri, na runinga ikiunguruma dirishani juu ya tao la Kirumi. Kaburi la kaizari huyo, aliyewatesa Wakristo, ndilo leo kanisa kuu. Mbele yake amelala sfinksi, sanamu ya simba mwenye kichwa cha mtu, wa jiwe jeusi aliyeletwa kutoka Misri, akiwa tayari na umri wa zaidi ya miaka elfu moja alipofika. Nikipita humsalimia, ndiye Mwafrika mwenzangu mwenye makazi ya muda mrefu zaidi mjini hapo.

Karibu na hekalu la Jupita tafuta kichochoro kiitwacho *Pusti me da prođem*. Maana yake niache nipite. Kwetu tungekiita Nipishe. Wawili hawapishani.

Hatua ya 8: Kisiwa kimoja, na usikosee bandari

Mjini Split bandari, kituo cha mabasi na stesheni ya treni viko pamoja. Kuna *katamaran*, boti ya kasi ya abiria, na kuna *trajekt*, pantoni la magari. Ukitaka mji wa Hvar, panda katamaran. Pantoni linatua Stari Grad, upande wa pili wa kisiwa, kama kilomita 20.

Mimi nilinunua tiketi ya pantoni kwa sababu ni rahisi. Nikashuka, nikatafuta ule mji wa kwenye picha, sikuona kitu zaidi ya lami, misonobari na foleni ya magari. Wenzangu walikuwa wameshajua, walikimbilia basi lililokuwa likisubiri. Mimi nilisimama kupiga picha ya boti. Basi likajaa, likaondoka. Saa mbili na nusu nilikaa juu ya begi.

Stari Grad wenyewe ni mji mzuri, ulianzishwa na Wagiriki mwaka 384 kabla ya Kristo, lakini nenda kwa kukusudia.

Hatua ya 9: Split hadi Dubrovnik

Ni saa nne hadi nne na nusu. Kwa miaka mingi barabara hii ilikatiza kipande kifupi cha Bosnia na Herzegovina, kwenye mji wa Neum, na mwenye viza ya kuingia mara moja alikuwa taabuni. Julai 2022 lilifunguliwa daraja la Pelješac, lenye urefu wa kilomita 2.4, na sasa unaweza kubaki Kroatia mwanzo hadi mwisho. Lakini usidhani kila basi linapita darajani. Kabla ya kulipa, uliza dirishani: *Ide li preko Pelješca ili kroz Neum?* Akijibu Neum na viza yako ni ya mara moja, chukua basi jingine.

Basi linakufikisha Gruž, bandari mpya. Mji wa kale uko mbele. Panda basi la mjini hadi lango la Pile.

Kuta ndizo watu wanazozifuata: karibu kilomita 2 kuzunguka, hakuna kivuli, na njia ni ya kwenda upande mmoja tu. Ingia zinapofunguliwa asubuhi. Tiketi inazidi euro 30, na pasi ya siku ya Dubrovnik, inayojumuisha kuta, makumbusho na basi la mjini, bei yake hukaribiana na ya kuta peke yake. Chukua pasi. Usitupe tiketi, inakuingiza pia ngome ya Lovrijenac nje ya lango.

Ukiwa juu, angalia mapaa. Vigae vilivyofifia kama mchanga ni vya zamani, vyenye rangi ya chungwa kali ni vya baada ya vita, mji uliposhambuliwa kwa mizinga mwaka 1991. Vyenye rangi kali ni vingi.

Jambo moja waongoza watalii hulipitia haraka, nami kama mtu wa pwani ya Bagamoyo siwezi kulipita. Mji huu ulikuwa jamhuri ya wafanyabiashara wa baharini, na mwaka 1416 ulitunga sheria ya kuwakataza raia wake kufanya biashara ya watumwa. Soko la Zanzibar lilifungwa 1873.

Hatua ya 10: Kula

Asubuhi nenda *pekara*, duka la mkate, ununue *burek sa sirom*, aina ya pai ya jibini. Mchana, kwenye *konoba*, mgahawa wa kienyeji, uliza *marenda*, chakula cha wafanyakazi, cha bei ya chini kuliko cha jioni. Samaki wapo wa kila namna. Wali mweusi, *crni rižot*, rangi yake ni wino wa ngisi. Utatoka na meno meusi, usipige picha.

Kitu cha kuagiza siku moja kabla ni *hobotnica ispod peke*: pweza na viazi ndani ya sufuria iliyofunikwa kwa kifuniko cha chuma, makaa juu yake. Bibi yangu angesema wameupalia, kama wali.

Kwa Waislamu: neno la kulikariri ni *svinjetina*, nyama ya nguruwe. *Pršut*, ile nyama kavu iliyokatwa nyembamba, ni nguruwe na inatiwa hata mahali usipotegemea. *Ćevapi*, vipande vya nyama ya kusaga vya kuchoma, uliza, kwa kuwa wengine huchanganya na nguruwe. Ukiwa na shaka, kula samaki.

Mambo yakienda kombo

*Boti imefutwa.* Ni upepo. *Bura* huvuma kutoka milimani kaskazini-mashariki, baridi na wa ghafla. *Jugo* hutoka kusini-mashariki na mawingu. Sisi wa kaskazi na kusi tunaelewa haraka. Rudi dirishani urudishiwe pesa, au ulizia pantoni, ambalo huhimili mawimbi kuliko boti ya kasi. Usipange kisiwa siku ya kabla ya ndege.

*Umekanyaga kitu chenye miiba majini.* Ni yule kiumbe mweusi wa mviringo, nungunungu wa baharini. Amejaa kwenye miamba. Loweka mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia, toa miiba kwa kibano, na ikibaki ndani au ikivimba nenda *ljekarna*, duka la dawa.

*Mashine ya kutolea pesa imekukata sana.* Umetumia zile zilizobandikwa mitaa ya watalii. Tafuta ya benki, na ikikuuliza kama ikubadilishie kwa sarafu ya nyumbani, kataa.

*Polisi kakusimamisha kwa mavazi.* Huko Hvar, Split na Dubrovnik kutembea mjini na nguo za kuogelea ni faini. Beba kanga begani.

*Foleni ya mpaka wa Montenegro haisogei.* Kutoka Dubrovnik hadi Kotor ni kama kilomita 90, lakini kiangazi mpaka unaweza kukula saa mbili. Tangu Oktoba 2025 Schengen imeanza kuchukua alama za vidole na picha za wageni mpakani, na hilo nalo linachukua muda. Ondoka na basi la kwanza la asubuhi, na kama ndege yako ni kesho yake mchana, baki Dubrovnik ukaogelee chini ya ukuta.